Gobore la Mpare wa Katy

Katy, Texas
9 Septemba 2024

Dada Apolonia,

Usishtuke kuona bahasha yenye stempu. Nimekutumia ujumbe mara nne hukujibu. Nikampigia Yasinta wa huko kwenu Grand Prairie, akaniambia umeapa kwamba mtu yeyote wa Katy anayekutaka akuandikie kwa posta kama watu wa zamani. Haya, nimeandika. Mimi ni mhandisi, nina watu kumi na wanne chini yangu, na leo nimepanga foleni posta kwa ajili ya Mchaga.

Niende moja kwa moja. Unajua yaliyonipata Januari shambani kwa Mark. Kulungu niliyempiga taya alipotelea kwenye misonobari, na Mark amesema wazi kwamba msimu ujao wa magobore sikanyagi kwake mpaka nitie risasi tatu mfululizo ndani ya kisahani cha chai, yadi mia moja, yeye mwenyewe akiangalia. Jaribio ni Jumamosi tarehe 14 Desemba. Nikikosa ndiyo basi, hakuna marudio.

Ingekuwa mwaka mwingine ningemwachia shamba lake. Lakini Baba anakuja. Mzee Absalom ana miaka themanini na moja, hajawahi kupanda ndege, na atakuwa hapa tangu tarehe tano Desemba mpaka mwisho wa Januari. Huyu ndiye aliyelinda mahindi ya kijiji kizima kule Usangi kwa gobore moja, mpaka nyani wakawa wanajua kikohozi chake. Mimi alinipa bunduki nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikakosa debe lililokuwa hatua ishirini. Akaninyang'anya mbele ya wenzangu akasema, "Wewe shika kalamu." Nimeishika, na kalamu imenijengea nyumba ya vyumba vitano. Lakini nataka aone kwa macho yake, mara moja tu kabla hajafa, nikipiga kitu kikaanguka.

Sasa, bunduki aliyokuachia marehemu mume wako na hii yangu ni aina moja, mtutu uleule wa nusu inchi. Yako inapiga, yangu inatawanya tu. Nimejaribu aina tisa za risasi, na vile vikombe vya plastiki vinavyovishwa risasi ili ikae sawasawa ndani ya mtutu, hizo saboti, nimenunua za rangi zote zilizopo dukani. Nakutumia karatasi za shabaha ujionee. Mimi naamini una bahati tu. Hata hivyo, niandikie ni risasi gani na saboti gani, nami nitakushukuru.

Wako,
Mhandisi Elibariki


Grand Prairie
17 Septemba 2024

Mtani,

Barua yako nimeisoma kazini wakati wa mapumziko, nikawasomea na manesi wenzangu. Patroba, yule Mkenya wa wodi ya pili, akauliza kama huyu mhandisi ndiye anayejenga madaraja tunayopita. Nikamwambia asiende Katy.

Unajua vizuri kwa nini unapanga foleni posta. Wewe ndiye mwenyekiti wa kundi la Watanzania kwenye WhatsApp, na wewe ndiye uliyenitoa mwezi Machi, ukaandika "kwa utovu wa nidhamu". Kosa langu lilikuwa nini? Nilikuja kwenye arobaini ya mama yako nikafanya linalonipasa. Mchaga ni mtani wa Mpare tangu babu zetu. Nilikalia kiti chako, nikavaa koti lako, nikatangaza kwamba hakuna kula mpaka Wapare mkiri kuwa makande si chakula, ni adhabu. Watu wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba uingie nyumbani kwako. Mama yako angecheka kuliko wote. Yeye, alipokuwa kwenu analea wajukuu, ndiye aliyekuja nilipomzika mume wangu, akalala kitandani kwangu na viatu vyake, akagoma kuamka mpaka aletewe mbege, pombe yetu ya ndizi. Mbege, hapa Texas! Siku ile ndipo nilipoweza kumeza chakula. Lakini wewe ulikuwa umealika wazungu wa ofisini, ukaona haya. Mpare anayekasirikia utani msibani, hata huko Usangi wangemwitia kikao.

Karatasi zako nimezitazama. Ya tatu ina matundu mawili ya risasi nzito na moja la risasi nyepesi, na umeandika mwenyewe pembeni kwamba katikati ulibadilisha saboti na ukaongeza baruti. Elibariki, mgonjwa hapewi dawa tatu mpya siku moja, kisha ukauliza ni ipi iliyompandisha presha. Hujajaribu aina tisa. Umefanya vurugu mara tisa.

Ninachokijua nimekitafuta miaka miwili. Mume wangu aliniachia bunduki na sanduku la risasi zisizofanana hata mbili. Nilibadilisha kitu kimoja kwa siku, kimoja tu, nikaandika kila tundu kwenye daftari. Hiyo unayoiita bahati utaipata kwa faini, maana mtani akionewa anatoza faini. Andika kwa mkono wako: "Mimi Mpare nimeshindwa na Mchaga, na nilikosea kumfukuza mtani kwa utani wa msibani." Tia sahihi, ulete.

Mtani wako,
Apolonia


Katy
6 Oktoba 2024

Dada Apolonia,

Sitii sahihi hati ya kukiri kosa. Nimekulia kwa watu wanaouza ng'ombe ili waendeshe kesi ya kuku, na sijawahi kusikia Mpare aliyekiri kabla ya rufaa. Na hayo ya arobaini usinirudishie. Mke wangu Wanjiku kwao hawana mambo haya. Siku ile aliponiona nimesimama sebuleni kwangu bila koti na bila kiti aliniuliza, "Kwani huyu mama ana shida gani na sisi?" Ukitaka kumfariji mtu, mletee maua kama watu wengine.

Isitoshe, huenda sitakuhitaji. Nimeagiza saboti mpya na risasi ya aina ya kumi, nzito, ndefu kama kidole. Jana nimepiga mara ishirini na moja kwenye uwanja wa shabaha wa hapa, kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana. Mtutu uliwaka hata huwezi kuugusa. Risasi tatu za mwanzo zilikaa vizuri, zilizobaki zikaenda zinakokujua zenyewe. Kwa maoni yangu kiwanda cha hizi saboti kimeharibu kazi, na ninafikiria kuwaandikia barua ya kisheria.

Kuna jambo moja dogo. Baba akifika huenda mkakutana Gulfton huku kwetu, ukija kwenye ibada ya Kiswahili. Ana picha. Ni ile ya Januari, mimi nimepiga goti nyuma ya kulungu wako. Sikumwambia ni wangu. Niliandika tu chini yake, "Kulungu wa mwaka huu," naye akaelewa anavyoelewa. Nimesikia aliisafisha mjini Same, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Basi akikuuliza, wewe sema siku ile hukuwepo. Hilo halikupunguzii kitu.

Elibariki


Grand Prairie
20 Oktoba 2024

Elibariki,

Leo sikuiti mtani. Utani nimeuweka pembeni ili unisikie.

Nakudharau. Si kwa kukosa shabaha, maana hata mimi nilikosa mwaka mzima. Nakudharau kwa sababu picha ile niliipiga mimi. Ulinipa simu yako ukasema, "Dada, nipige moja hapo," nikafikiri unajipoza moyo. Ulipopata picha ukaingia ndani ya gari, ukawasha joto. Mimi na Mark tulimfuata yule wako kwenye miiba mpaka giza likaingia, tukaokota kipande cha taya na jino. Kulungu aliyevunjika taya hafi kwa risasi. Anakufa kwa njaa, siku kumi, kumi na mbili. Hujawahi kuuliza kama tulimpata.

Sasa unataka nimwambie mzee wa miaka themanini na moja, ndani ya kanisa, kwamba sikuwepo. Sitasema hivyo. Simtafuti baba yako ili nikuchongee, lakini akiniuliza nitamjibu.

Na kuhusu kiwanda cha saboti: acha kuwaandikia watu. Ulipiga risasi ishirini na moja kwenye jua la Texas bila kuupumzisha mtutu, halafu unashangaa plastiki imelainika. Hutafuti risasi inayofaa, unatafuta kitu cha kulaumu, na dukani kila wiki unakipata kipya.

Faini iko palepale.

Apolonia


Katy
11 Novemba 2024

Apolonia,

Mimi Elibariki, Mpare wa Usangi, nimeshindwa na Mchaga, na nilikosea kumfukuza mtani kwa utani wa msibani.

Ndiyo hiyo. Wanjiku aliisoma akiwa amesimama nyuma yangu, akauliza kama kuna mtu ananitishia. Nimekurudisha kundini, ingawa sitegemei shukrani. Juzi risasi zangu tatu zilienda sehemu tatu, moja haikugusa hata karatasi. Zimebaki wiki nne na siku tano. Tiketi ya Baba imeshakatwa, na kwenye simu haongei kitu kingine isipokuwa kulungu. Ananiuliza kama hawa wa huku wana ngozi nene. Nikamwambia nitamwonyesha.

Tafadhali niandikie.

Elibariki


Grand Prairie
19 Novemba 2024

Mtani,

Faini imepokelewa. Nimeitia kwenye fremu, iko sebuleni, na wageni wote wameisoma.

Sasa sikiliza, na usiongeze la kwako.

Risasi nzito zote rudisha kwenye kabati. Chukua ile nyepesi kuliko zote, yenye ganda la shaba na ncha kali, uzito wa greini mia mbili na hamsini. Saboti chukua nyeusi yenye mistari. Kabla ya kitu chochote ijaribu mdomoni mwa mtutu. Ikiteleza yenyewe, imelegea mno kwa mtutu wako na haitaizungusha risasi. Ikikulazimu kuulalia mdeki, ule ufito wa kushindilia, imebana mno. Inatakiwa ishuke kwa mkono mmoja, ukiukaza kidogo, na kila mara kwa nguvu ileile. Baruti pima kile kipimo kidogo kilichoandikwa kwenye kopo lake, si kikubwa. Najua unapenda kishindo, lakini kisahani hakina masikio.

Ukishapiga, pitisha kitambaa chenye unyevu mara moja, halafu kikavu mara moja. Kila risasi, bila kuruka hata moja, la sivyo masizi yanajaa na ya tatu haitashuka. Halafu kaa chini dakika kumi mtutu upoe. Mimi hapo nasali rozari. Wewe Mlutheri, imba. Risasi tatu zitakuchukua zaidi ya nusu saa, na watu watakuona mjinga. Vumilia, hutakuwa umeanza leo.

La mwisho halihusu bunduki. Siku hiyo usimtazame baba yako. Tazama kisahani.

Mtani wako,
Apolonia


Katy
16 Desemba 2024

Apolonia,

Ulisema kweli. Nani alikutuma useme kweli?

Mtani gani duniani anamwandikia mtani wake ukweli mtupu, wiki chache kabla ya siku yake ya aibu? Nilikaa na barua ile nikaigeuza juu chini. Nikajiambia, huyu ndiye aliyevaa koti langu msibani. Huyu ndiye aliyenitia kwenye fremu. Sasa ananipa risasi nyepesi na baruti kidogo, na ananitaka nikae chini dakika kumi mbele ya wazungu nikiimba. Niliona mtego kila mstari. Nikasema Mchaga hanipati mara ya tatu, nikageuza kila kitu. Uliposema nyepesi nilibeba ile ndefu kama kidole. Uliposema kidogo nilipima kikubwa. Uliposema nifute, sikufuta. Uliposema nisubiri, nilipiga haraka haraka ili nimalize.

Mdeki ulikwama. Sina zaidi la kueleza kuhusu siku ile. Mark hakusema maneno mengi, na neno lake unalijua.

Baba hajambo. Anakula chumbani kwake. Wanjiku anamgongea mlango, anamwachia sahani mezani, na baadaye anaikuta tupu, kwa hiyo afya ni nzuri. Mimi sijasikia sauti yake tangu tulipopanda gari kurudi.

Jana baada ya ibada nilikwenda peke yangu uwanja wa shabaha. Nilifanya kama ulivyoandika, neno kwa neno. Nilikaa chini. Niliimba hata, kwa sauti ya chini, jamaa wa pembeni akahamia meza nyingine. Karatasi hiyo hapo ndani ya bahasha. Sikumwonyesha mtu, maana ya nini tena.

Elibariki


Katy
23 Desemba 2024

Kwa Binti Apolonia,

Mimi ni Absalom, baba yake Elibariki. Hatujaonana. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha iliyokuwa kwenye mkoba wa bunduki, na barua iliyokuwamo nimeisoma. Mzee hana haja ya kuomba radhi kwa kusoma barua ndani ya nyumba ya mwanawe. Hapa ni wazima, nyumba ni kubwa, kila mtu ana mlango wake.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa, kwa sababu najua yeye hakukwambia. Tulifika kwa huyo Mark asubuhi. Kabla mwanangu hajapiga nilitoa picha kwenye kitabu changu cha nyimbo, nikamwonyesha yule Mzungu. Kwa Kiingereza changu cha misheni nikamwambia huyu ni mwanangu, na huyu ni kulungu wake. Mark ni mtu mpole. Aliitazama, akamtazama Elibariki, kisha akanieleza taratibu kwamba kulungu yule alipigwa na mama mmoja wa Grand Prairie, kwa risasi moja, na yeye alikuwepo. Elibariki alikuwa amesimama palepale na kopo la baruti mkononi. Alisikia yote.

Ndipo akaanza kupiga. Risasi ya kwanza ilikata mguu wa ubao. Ya pili hakuna aliyejua ilikokwenda. Ya tatu haikushuka, ikakwama katikati ya mtutu, naye akawa anaulalia mdeki kwa kifua chake, amefumba macho, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mark akaja akaichukua bunduki mikononi mwake kwa upole, unavyomwondolea mtoto kisu. Wazungu wengine wawili waligeuza nyuso zao. Mimi sikugeuza. Nilitazama mpaka mwisho.

Binti, mke wangu amefariki mwaka huu. Katika nyumba yangu kule mlimani nilibaki na ile picha. Miezi kumi na moja nilikuwa na mtoto wa kiume wa kujivunia. Nilimwonyesha mchungaji, nikawaonyesha wale tuliowinda pamoja waliosalia, nao ni wawili. Sasa nimerudi nilipokuwa. Nilimjua tangu ana miaka kumi na miwili kwamba mkono wake hauna kitu, na nimevuka bahari kuja kuthibitisha.

Ninachokuomba ni hiki. Nasikia una nafasi yako shambani kwa Mark mwezi Januari. Nichukue. Sitapiga, macho yangu hayafai tena. Nataka kukaa nyuma ya mtu anayejua kazi, kabla sijarudi kwetu kufa. Elibariki usimwambie. Nitasema nakwenda kuwasalimu watu wa kanisa huko Dallas. Nimeambiwa wewe ni Mchaga, na barua yako imenionyesha kwamba unamdharau kama ninavyomdharau mimi. Tutaelewana.

Absalom


Grand Prairie
30 Desemba 2024

Mzee Absalom,

Shikamoo. Pole na msiba wa Mama. Alinilalia kitanda changu na viatu siku niliyokuwa sina nguvu ya kusimama, na sijamsahau.

Sikuchukui.

Nitakueleza sababu, na kama nitakosa adabu unisamehe, maana sitaandika mara mbili. Ni kweli namdharau mwanao. Nimemdharau kwa barua tatu, na Mungu akinijalia nitamdharau mpaka mmoja wetu afe, naye atakayebaki atakwenda kukaa kwenye kiti cha marehemu na kudai chakula. Hiyo ni kazi yangu. Mimi ni mtani wake. Namtukana mbele ya watu, watu wanacheka, naye ananitukana, halafu tunazikana. Hakuna anayelala na njaa kwa dharau yangu.

Wewe si mtani wake. Ni ninyi wazee mliotufundisha kwamba baba na mwana hawana utani. Wewe ukimdharau, hakuna wa kucheka. Dharau inabaki vilevile ilivyo, na anaibeba tangu siku ya lile debe. Nimemsoma mwaka huu. Ana nyumba ya vyumba vitano na watu kumi na wanne chini yake, na bado anaandika kama mtoto aliyenyang'anywa kitu mbele ya wenzake.

Uongo wa picha ni wake. Nilimwambia hivyo, kwa maneno ambayo sitayarudia kwako. Lakini mtu hahangaiki kumdanganya baba ambaye ukweli ungemtosha. Kosa la jaribio nalo ni lake, na langu kidogo. Nilimwandikia kila kitu kweli, akafikiri namchezea. Kumbe amezoea kwamba anayemdharau hawezi kumtakia mema. Nimejiuliza alijifunzia wapi hilo, na sikutafuta mbali.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya shabaha. Aliipiga tarehe 15, siku moja baada ya aibu ile, peke yake, hakuna aliyemwona. Nimeifunika na kisahani changu cha chai. Matundu yote matatu yamepotea chini yake na nafasi imebaki. Karatasi hii hakukuletea wewe uliye chumba cha pili. Aliipeleka posta, ikasafiri mpaka Grand Prairie kwa mwanamke anayemtukana, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumpelekea. Mimi ningekuwa baba yake ningeona haya.

Usinielewe vibaya. Mark hatabadilisha neno lake na mimi sitamwombea. Kulungu aliyekufa njaa hakupewa nafasi ya pili. Mwanao hatapiga kitu kikaanguka ukiwa hapa, na utarudi Usangi bila picha ya kumwonyesha mchungaji. Lililobaki ni huyu mtu mwenyewe, mwongo na mbishi, mwenye mkono ambao si mbaya akitulizwa.

Ndege yako ni mwisho wa Januari. Una mwezi mzima. Mwambie Wanjiku asikuletee tena chakula chumbani, utoke ukale na mwanao mezani.

Mtani wa mwanao,
Apolonia